Bima ya maisha: tuhesabu miaka ya watoto, siyo mshahara wa baba

Sisi Watanzania tunajua kuzika. Kwa hilo hatuna mpinzani. Mtu akifariki asubuhi pale Mamba, huku kwetu bonde la Rukwa, ikifika jioni turubai limeshafungwa, masufuria makubwa yameshapatikana, na kijana mwenye mwandiko mzuri ameshakabidhiwa daftari la rambirambi. Huyu analeta debe la mahindi, yule mzigo wa kuni, vijana wanachukua majembe na sululu kwenda makaburini bila kuombwa mara mbili. Hiyo ni bima tayari. Haina wakala wala karatasi, lakini inalipa siku hiyo hiyo.

Shida inaanza turubai likishushwa. Mchango wa msiba unamaliza siku tatu, tukijitahidi sana unafika arobaini. Mtoto wa mwisho wa marehemu ana miaka mitatu. Anahitaji kula, kuvaa na kusoma miaka kumi na tano mingine. Nani ameandikishwa kwenye daftari la miaka hiyo? Hakuna. Msiba tunauweza, mwaka wa pili ndio unaotushinda.

Ndiyo maana huwa nashangaa nikisikia watu wanajadili bima ya maisha kana kwamba ni bima ya jeneza. Zipo bima za mkono wa pole, ambazo mtu akifa familia inapata pesa kidogo za mazishi. Si mbaya. Lakini zinatupa kile ambacho majirani wa Mamba wanatupa bure. Swali zito ni jingine: ukifa leo, familia yako inahitaji shilingi ngapi kufika salama pale ambapo ungeifikisha wewe? Na ukimuuliza mtu swali hilo, mara nyingi atakutajia namba aliyopewa na wakala, au ile anayomudu kulipia. Zote mbili siyo majibu.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani wamelifanyia kazi swali hili muda mrefu, na kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza inaangalia thamani ya marehemu. Profesa Solomon Huebner wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania aliieneza sana miaka ya 1920: chukua mapato ambayo mtu angeyapata hadi kustaafu, ondoa anayotumia mwenyewe, kinachobaki ndiyo thamani ya uhai wake kwa familia. Kutokana na fikra hiyo, kukatokea ile kanuni ya mkato inayosema nunua bima yenye ukubwa wa mara kumi ya mshahara wako wa mwaka.

Njia ya pili ni ya kuangalia wanaobaki, na hii ina mizizi ya zamani zaidi. Mwaka 1744 wachungaji wa Kanisa la Scotland walianzisha mfuko wa kutunza wajane na yatima wao. Wachungaji Robert Wallace na Alexander Webster, wakisaidiwa na mwanahisabati Colin Maclaurin, walikaa chini kukokotoa kila mwaka watakufa wachungaji wangapi, wataacha wajane na yatima wangapi, na mfuko uwe na kiasi gani ili uwalipe bila kufilisika. Hawakuanza kwa kuuliza mchungaji ana thamani gani. Walianza na mjane.

Mimi nasema sisi wa Mamba tufuate njia ya wachungaji wale. Sababu ni rahisi: kanuni ya mara kumi ya mshahara inadhani kuna mshahara. Kata yetu imo katika Halmashauri ya Mpimbwe, wilaya ya Mlele, mkoa wa Katavi uliozaliwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Rukwa. Hapa watu wanaishi kwa mpunga, mahindi, karanga, ufuta na mifugo. Mwenye hati ya mshahara ni mwalimu, muuguzi, mtendaji wa kata na wachache wengine. Ukitumia kanuni ya mshahara, mkulima wa heka kumi anapata jibu la sifuri. Na mke wa mwalimu, anayelima chakula chote cha nyumba, naye ni sifuri. Kanuni inayompa mama sifuri ina kasoro yenyewe, siyo mama.

Basi tufanye hesabu. Nachukua familia ya mfano, na namba zote ni za mfano, wewe weka za kwako. Baba ni mwalimu wa shule ya msingi, baada ya makato yote anabaki na shilingi 450,000 kwa mwezi. Mama analima. Wana watoto wanne, wa miaka 14, 11, 7 na 3. Baada ya kutoa gharama za shamba, mama anauza mpunga wa shilingi 1,200,000 kwa mwaka, sawa na 100,000 kwa mwezi. Chakula wanatoa shambani. Matumizi ya fedha taslimu ya nyumba nzima ni 500,000 kwa mwezi, kinachobaki kinakwenda VICOBA.

Tuanze na baba akifariki.

Hatua ya kwanza, tafuta pengo la mwezi. Katika zile 500,000, tuseme 120,000 alikuwa anazitumia yeye mwenyewe: nauli, vocha, nguo, soda na rafiki zake. Zinabaki 380,000 zinazohitajika. Mpunga wa mama unaleta 100,000. Pengo ni 280,000 kwa mwezi, yaani 3,360,000 kwa mwaka.

Hatua ya pili, hesabu miaka. Hapa tusimtazame mtoto wa kwanza, tumtazame kitinda mimba. Ana miaka 3, hadi afike 18 ni miaka 15. Zidisha: 50,400,000.

Hatua ya tatu, ongeza madeni na mambo makubwa ya mara moja. Mkopo wa benki wa mfanyakazi kwa kawaida unakuwa umekatiwa bima yake, mkopaji akifa bima inalipa deni. Lakini usiamini kwa kusikia, omba uoneshwe kwenye mkataba. Mkulima wa tumbaku aliyechukua pembejeo kupitia AMCOS naye aulize hilo hilo kwa maandishi, maana deni la pembejeo linaweza kuwakalia wanaobaki. Kwa mwalimu wetu tuseme mkopo una bima, limebaki deni la duka 600,000. Ongeza 1,000,000 za kushughulikia mirathi, nauli za kwenda na kurudi Mpanda zikiwemo.

Na shule? Tangu Januari 2016 ada imefutwa hadi kidato cha nne, na mwaka wa fedha 2022/23 ikafutwa ya kidato cha tano na sita. Jambo jema. Ila sare, madaftari, chakula, na nauli ya mtoto aliyepangiwa shule ya mbali havijafutwa. Akifika chuo kuna Bodi ya Mikopo, lakini si kila mwombaji anapata, na anayepata si lazima apate yote. Tumwekee kila mtoto 3,000,000 za kumvusha baada ya sekondari, chuo au ufundi. Wanne ni 12,000,000.

Jumla: 50,400,000 na 1,600,000 na 12,000,000. Inakuwa milioni 64.

Hatua ya nne ndiyo watu wanayoisahau: ondoa ulichonacho tayari. Mwalimu anachangia mfuko wa hifadhi ya jamii, na wategemezi wake wana mafao. Nenda uulize watalipwa nini na kwa muda gani, usikisie. Tuseme ni 18,000,000, na VICOBA kuna 2,000,000. Toa milioni 20 katika 64. Jibu ni milioni 44.

Sasa linganisha na kanuni ya mkato: 450,000 mara miezi 12 mara 10 ni milioni 54. Hazijapishana sana kwa mwalimu huyu, lakini hiyo ni bahati tu. Mpe kitinda mimba wa miaka 12 badala ya 3, lile pengo la miaka linashuka kutoka milioni 50.4 hadi milioni 20 na ushei, wakati mshahara haujabadilika hata senti. Mpe mama mzee wa kumtunza na mdogo wake mmoja wa sekondari, linapanda. Mshahara haujui una watoto wangapi.

Haya, tumgeukie mama. Hapa ndipo wengi wanapofunga daftari, eti mama hana kipato. Tuone.

Kwa mwaka mama anatoa mahindi ya kula magunia 8. Kwa bei ya mfano ya 70,000 ni 560,000. Mpunga wa kula magunia 4 kwa 100,000 ni 400,000. Mpunga wa kuuza 1,200,000. Jumla 2,160,000. Akifariki, shamba halifi, lakini baba yuko darasani, itabidi vibarua. Tuseme vibarua wanakula nusu ya thamani hiyo. Pengo ni 1,080,000 kwa mwaka, mara miaka 15 ni 16,200,000. Nyumbani atahitajika mtu wa kupika, kufua, kuchota maji na kulea. Dada wa kazi kwa 60,000 kwa mwezi ni 720,000 kwa mwaka, mpaka mdogo afike miaka 12, yaani miaka 9: 6,480,000. Inakuwa 22,680,000. Mama naye alikuwa anakula na kuvaa, tuseme 400,000 kwa mwaka. Lakini miaka ile 9 dada wa kazi anakula fungu lile lile, kwa hiyo tunaondoa miaka 6 tu, 2,400,000. Jibu ni 20,280,000.

Zaidi ya milioni 20, kwa mtu ambaye fomu ya bima kwenye nafasi ya kazi ingemwandika "mama wa nyumbani". Na hapo sijaweka bei ya kumlea mtoto anayeumwa usiku, maana hiyo haina bei. Kama familia ina uwezo wa kukata bima kwa mtu mmoja tu, sawa, aanze mwenye pengo kubwa. Lakini kujua kwamba mama ana pengo ni lazima, hata kama pesa ya kuliziba haijapatikana.

Nataka nirudi kwenye ile hatua ya nne, ya kuondoa ulichonacho, maana kuna mtego ndani yake. Mtu wa Mamba ataniambia: mimi nina heka kumi na ng'ombe thelathini, familia yangu haihitaji bima. Naye namuuliza: vitu hivyo ukishazikwa vinabaki kwa nani? Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilitoa uamuzi dhidi ya Tanzania katika shauri la wajane wawili wa Shinyanga. Waume zao walipofariki walinyimwa urithi na kutolewa kwenye nyumba zao kwa kufuata sheria ya mila ya Kisukuma. Mpimbwe ya leo wenyeji wetu Wapimbwe wanaishi na ndugu zetu Wasukuma wengi waliohamia na ng'ombe wao, na katika makabila mengi, siyo hilo moja, shemeji hufika kabla udongo wa kaburi haujakauka. Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: usiondoe kwenye hesabu mali ambayo mjane wako anaweza kunyang'anywa. Shamba liondoe tu kama lina hati ya hakimiliki ya kimila na jina lake limo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu mume na mke kuandikwa pamoja. Ng'ombe wa kulimia usiwaondoe kabisa, hao ni jembe, ukiwauza umeua shamba.

Ni kwa sababu hiyo bima ina faida moja ambayo zizi la ng'ombe halina: unaandika jina la wa kulipwa ukiwa hai, kwa mkono wako. Liandike kwa ukamilifu, kama lilivyo kwenye kitambulisho, siyo "mke wangu" wala "mama Juma". Wenye nyumba mbili, na hapa tusidanganyane kwamba hawapo, fanyeni hesabu mbili, moja kwa kila nyumba, na mgao uandikwe. Mtoto chini ya miaka 18 mtajie mtu mzima wa kumsimamia ambaye unamwamini ukiwa mzima, siyo yule ambaye ukoo utamchagua ukiwa huna sauti.

Kuna jambo jingine ambalo wazee wetu wanalijua kwa uchungu. Ukiwaambia habari za bima wanacheka kidogo, na wana haki. Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 likabaki peke yake sokoni, mpaka Sheria ya Bima ya mwaka 1996 ilipofungua milango kwa makampuni binafsi. Katikati hapo shilingi iliporomoka. Mwaka 1980 dola moja ilikuwa kama shilingi 8, mwaka 2000 ilikuwa kama shilingi 800. Mtu aliyekata bima ya shilingi laki moja mwaka 1980 akaona amewaachia watoto utajiri, miaka ishirini baadaye alikuwa amewaachia kama dola 125. Alilipa ada kwa uaminifu miaka yote. Kilichomuumiza ni namba kukaa pale pale wakati dunia inaondoka.

Siku hizi mfumuko wa bei ni mdogo. Mwaka 2023 na 2024 ulikuwa kati ya asilimia 3 na 4. Lakini hata asilimia 3 kwa miaka 15 inaifanya shilingi 1,000 inunue vitu vya kama 640. Kwenye hesabu yangu sikuongeza bei, na pia sikuongeza faida ya pesa zikiwekwa mahali salama kama hati fungani za serikali au mifuko ya UTT. Nimeacha viwili hivyo vipambane vyenyewe. Hiyo inafanya kazi kwa sharti moja: pesa zisikae chini ya godoro, na zisiishie kwenye pikipiki tatu za shemeji. Na kila baada ya miaka mitatu, au akizaliwa mtoto, au ukichukua mkopo, toa daftari upige hesabu upya.

Najua swali linalofuata: milioni 44 nitazilipiaje? Kwanza, uliza bima ya muda maalumu, ile ya kulipa ukifa ndani ya miaka 15 na usipokufa hupati kitu. Watu wanaikimbia wakisema pesa imepotea. Lakini ndiyo inayokupa kinga kubwa kwa ada ndogo. Ile yenye akiba ndani yake, inayokurudishia pesa mwishoni, ada yake ni kubwa zaidi kwa kinga ile ile, na mara nyingi ndiyo wakala anayoisifia, naye anakula kamisheni. Pili, kama 44 hazifikiki, chukua 20 kwa miaka yote 15. Afadhali nusu ya pengo kuzibwa kuliko milioni tatu za mazishi ambayo majirani wangeyafanya. Tatu, mkulima asikubali ada ya kila mwezi kama pesa yake inakuja mara moja. Omba kulipa kwa mwaka, baada ya mavuno, maana ukikosa malipo katikati ya masika mkataba unaweza kufa kabla yako. Nne, ugonjwa ulionao useme kwenye fomu. Ukiuficha, atakayeadhibiwa ni mjane siku ya kudai. Na kabla ya kutoa hata shilingi, hakikisha kampuni na wakala wamesajiliwa na TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini.

Wapo watakaosema kuhesabu kifo chako ni kukiita, ni uchuro. Mimi nawajibu kwamba mkulima wa Mamba kila mwaka anatenga mbegu kabla hajala, na hakuna anayemwambia anaita njaa. Anajua tu kwamba msimu utakuja, yeye awepo au asiwepo shambani.

Kwa hiyo leo jioni chukueni daftari, baba na mama mkae pamoja, siyo baba peke yake na wakala. Andikeni umri wa kitinda mimba juu ya ukurasa. Toeni kwenye 18. Hesabu nzima inaanzia kwenye namba hiyo.